Ubia wa Garissa usimsahau mwenye ng'ombe

Kila Jumatano mji wa Garissa huamka mapema kuliko siku nyingine za wiki. Ng'ombe walioswagwa kwa siku kadhaa kutoka Ijara, Fafi, Dadaab na hata ng'ambo ya mpaka wa Somalia huingia katika soko la mifugo kabla jua halijapanda, na vumbi lao huonekana kutoka mbali. Nilikwenda huko majuzi, si kwa kununua wala kuuza, ila kutazama. Niliwakuta madalali wakipatana bei kwa kubanana vidole chini ya kikoi, desturi ya kale inayomfanya mpita njia asijue ng'ombe ameuzwa kwa kiasi gani. Niliwaona vijana wenye makopo ya rangi wakiwatia alama ng'ombe waliokwisha kununuliwa. Kufikia adhuhuri malori yalikuwa yamejaa, nayo yakashika njia ya daraja la Mto Tana kuanza safari ya kilomita 370 hivi hadi Nairobi. Mengine yalikuwa yakielekea Mombasa.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini, ambaye ameifanya biashara hii tangu ujana wake, aliniuliza swali ambalo halijanitoka akilini. "Mwalimu," aliniambia, "umehesabu malori yanayoondoka. Hebu sasa hesabu kinachobaki."

Nilitazama. Kilichobaki kilikuwa vumbi, samadi, na vijana waliokuwa wakiingoja Jumatano nyingine.

Swali la mzee huyo ndilo linalonisukuma kuandika leo. Siku hizi neno "ubia" limekuwa kibwagizo cha hotuba za viongozi wetu, wa kitaifa na wa kaunti. Tunaambiwa kwamba hazina ya serikali haina fedha za kutosha, na kwamba viwanda vilivyokufa na mitaa iliyodumaa haitafufuka pasi na wenye mitaji kushirikiana na umma. Sheria ya kuuongoza ushirikiano huo ipo. Bunge lilipitisha Sheria ya Ubia baina ya Serikali na Sekta ya Kibinafsi mwaka wa 2013, na mwaka wa 2021 ikafutwa na mahali pake pakawekwa nyingine, ambayo inazitambua pia serikali za kaunti kuwa na uwezo wa kutia saini mikataba ya aina hiyo. Kwa ufupi, umma hutoa haki ya kutoa huduma fulani na aghalabu mahali pa kuitolea. Mwekezaji huleta mtaji na ujuzi, akajilipa kutokana na mapato kwa miaka iliyokubaliwa.

Mimi siupingi ubia. Kwa hakika, naamini kwamba Garissa haiwezi kusimama bila huo. Lakini nina hofu kwamba meza itaandaliwa kwa viti viwili, kimoja cha serikali na kingine cha mwekezaji, ilhali mwenye ng'ombe amesimama nje ya mlango akisubiri kuelezwa yaliyoamuliwa. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika Kaskazini Mashariki, msemo huo ni historia yetu nzima.

Huenda msomaji wa Thika au Kisumu akauliza: Garissa ilikuwa na viwanda gani hata tuseme vimekufa? Ni kweli kwamba mji huu haukuwa na mtaa wenye mabomba ya moshi kama Eneo la Viwanda la Nairobi. Hata hivyo, kiwanda ni nini ila mahali ambapo mali ghafi huongezwa thamani na watu wakapata kazi? Mali yetu ghafi ni ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo, na soko la mifugo pamoja na vichinjio, maghala ya ngozi na malisho yanayolizunguka ndilo eneo letu la viwanda. Nalo limedhoofika, si kwa kukosa mifugo wala wanunuzi, ila kwa sababu kila hatua ya kuongeza thamani hufanyika kwingineko.

Tuanze na chanzo. Serikali ya kikoloni iliitenga Wilaya ya Mpakani ya Kaskazini kwa sheria ya mwaka wa 1902, ikazidi kukaza kamba mwaka wa 1934. Mtu hakuingia wala kutoka ila kwa ruhusa, na karantini za mara kwa mara ziliwazuia ng'ombe wa wafugaji wasishindane na ng'ombe wa walowezi wa nyanda za juu. Uhuru ulipopatikana vita vya shifta vilikuwa vikichacha, vikadumu hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zikabaki hadi 1991. Katikati ya hayo ukatolewa Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965, uliotangaza kwamba fedha za maendeleo zielekezwe katika sehemu zenye uwezo wa kuleta faida ya haraka, yaani zile zenye mvua, reli na barabara. Kwa lugha ya nyumbani, aliyeshiba aliongezewa sahani.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba serikali haikufanya lolote. Ilijaribu kuwa mfanyabiashara yenyewe. Tume ya Nyama ya Kenya, ambayo wengi huijua kwa jina la KMC, ilianzishwa mwaka wa 1950 ikawa na vichinjio Athi River na Mombasa. Idara ya uuzaji wa mifugo ilinunua ng'ombe kaskazini, ikawapitisha katika njia maalum za mifugo zenye visima na chanjo, ikawaweka katika malisho ya serikali mpaka wathibitishwe hawana maradhi, kisha ikawauza kwa ranchi na kwa KMC. Ulikuwa mfumo wenye kasoro nyingi, lakini ulikuwa mfumo. Mfugaji alijua ng'ombe wake angepitia wapi.

Mfumo huo uliuawa na mwenyewe. Tume ilikuwa ikichelewa kuwalipa wafugaji, nao wakapeleka mifugo yao kwa vichinjio vya watu binafsi vilivyolipa papo hapo. Madeni yakarundikana, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ikafungwa. Ilifunguliwa tena mwaka wa 2006, ikaendelea kuyumba, hata mwaka wa 2020 ikakabidhiwa Wizara ya Ulinzi. Idara ya mifugo nayo ilinyauka. Visima vikaziba, malisho yakavamiwa.

Mfano mwingine uko chini kidogo ya mto, Bura. Mwaka wa 1977 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa mradi mkubwa wa kunyunyizia mashamba maji, na wakulima wa kwanza wakaletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutoka pembe mbalimbali za nchi. Maji yalivutwa kutoka Mto Tana kwa mitambo ya dizeli pale Nanigi. Wakulima waliambiwa wapande pamba, waiuze kwa aliyeamriwa, na wakae katika nyumba zisizo zao katika ardhi isiyo yao. Wafugaji wa Orma waliona njia zao za kuteremkia mtoni zikizibwa. Gharama ilipanda mara nyingi kuliko makadirio, eneo lililolimwa likawa sehemu ndogo tu ya lililoahidiwa, na mwongo ulipokaribia kwisha mitambo ikanyamaza. Mkulima aliyekuwa mpangaji hakuwa na sababu ya kukitetea kisicho chake. Pametokea juhudi za kuufufua mradi huo tangu wakati huo, ikiwamo mipango ya mfereji wa kuyaleta maji kwa mteremko badala ya dizeli, lakini kizazi kizima kilikuwa kimekwisha kupotea.

Hayo ndiyo matokeo ya umma kufanya biashara peke yake. Sasa tutazame upande wa pili, wa watu binafsi kuachwa peke yao.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka wa 1991, wengi walitabiri kwamba biashara ya ng'ombe ingekufa nayo. Kinyume chake, ng'ombe wa Juba ya Chini waliokuwa wakienda Kismayu na Mogadishu waligeuzwa kuja Garissa, na soko letu likakua kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana. Hapakuwa na benki iliyotoa mkopo, wala idara iliyonunua. Wafanyabiashara waliaminiana kwa ukoo, kwa dhamana ya wazee na kwa neno la mdomo, na fedha zikatumwa kwa hawala.

Wakati huo huo, huko Nairobi, watu wa eneo hili pamoja na wakimbizi walikuwa wakiubadilisha mtaa wa Eastleigh. Mtaa huo ulikuwa umechakaa. Kulikuwa na nyumba ya wageni iliyojulikana kama Garissa Lodge. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyumba vyake vya kulala viligeuzwa maduka, kimoja baada ya kingine, na kutokana na mbegu hiyo likachipuka soko ambalo leo huwavuta wanunuzi kutoka Afrika Mashariki na Kati. Jina la mji wetu lilifufua mtaa wa Nairobi kabla halijafufua mtaa wa Garissa. Sijui kama tucheke au tulie.

Lakini ufanisi wa Eastleigh pia unaonyesha mtaji wa kibinafsi unakomea wapi. Kwa miaka mingi maghorofa yalipanda juu huku maji taka yakitiririka chini. Barabara zilikuwa madimbwi ambamo magari yalizama. Tajiri aliweza kujenga jengo lake, asiweze kujenga mtaro wa mtaa mzima. Kisha Aprili 2014, serikali ilipoendesha msako wa usalama na kuwazuilia maelfu ya watu katika uwanja wa Kasarani, biashara za mtaa mzima zilitikisika. Mwaka uliofuata, baada ya mauaji ya watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, kampuni 13 za kutuma fedha zilisimamishwa, nazo zikakaa zaidi ya miezi miwili kabla ya kuruhusiwa tena. Usalama, haki na miundombinu haviuzwi dukani. Hayo ni ya serikali, na serikali isipoyatimiza, mtaji wowote hujengwa juu ya mchanga.

Vivyo hivyo kwa maradhi. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka wakati wa mafuriko ya 1997 na 1998, na tena mwishoni mwa 2006 hadi 2007, masoko ya mifugo yalifungwa na nchi za Ghuba zikakataa wanyama wetu. Hakuna dalali wa Garissa, hata angekuwa tajiri vipi, awezaye kuchanja mifugo ya kaunti nzima na kumpa mnunuzi wa Jeddah cheti anachokiamini. Tazameni walivyofanya jirani zetu wa Berbera. Baada ya miaka ya marufuku, mwekezaji kutoka Saudia alijenga kituo cha karantini bandarini, na mwaka wa 2009 soko la Saudia likafunguliwa upya. Mamilioni ya kondoo na mbuzi yakavuka bahari. Huo ni ubia uliozaa matunda. Ila hata huko wafanyabiashara wadogo walilalamika kwamba mlango ulikuwa mmoja na ufunguo wake mikononi mwa mtu mmoja, naye akawa mwenye kupanga bei. Tukiiga, tuige tukiwa macho.

Isitoshe, hapa nchini ubia umekwisha kutufunza kwa bakora. Reli ya zamani ilikodishwa mwaka wa 2006 kwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa muda wa miaka 25. Mkataba ulivunjika mwaka wa 2017, mabehewa yakiwa machakavu na ahadi za uwekezaji hazijatimizwa. Somo la hapo ni kwamba mwekezaji asiye na mtaji wa kutosha huingia kukamua ng'ombe asiyemlisha.

Somo jingine linatoka Marsabit. Mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo karibu na Ziwa Turkana ilikuwa tayari mwaka wa 2017. Nyaya za kuusafirisha umeme huo, ambazo zilikuwa jukumu la serikali, zilikamilika Septemba 2018. Kwa kuchelewa huko, Mkenya alilipishwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao hakuutumia. Hapo aliyevunja ahadi alikuwa umma. Na mwaka wa 2021 mahakama ya ardhi huko Meru iliamua kwamba hati miliki za ekari 150,000 za mradi huo zilikuwa zimetolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Serikali ilikuwapo mezani na mwekezaji alikuwapo. Mfugaji ndiye ambaye hakuwapo, na ilimchukua miaka mingi mahakamani kulipata la kwake.

Narudi nyumbani. Wapo watakaosema kwamba ninakuza mambo, kwamba mfugaji atanufaika tu soko likiboreshwa, hivyo hana haja ya kiti. Ninaowajibu ni wale wasioijua kumbukumbu ya mji huu. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliuteketeza mtaa wa Bula Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa shule ya msingi. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka wa 2013 imeyaandika hayo. Mtoto aliyeona nyumba yao ikiungua siku hiyo sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu. Akiona leo trekta na wapima ardhi wamefika karibu na kwake, wakisema wamekuja kuustawisha mtaa, hawezi kukosa kuuliza: unastawishwa kwa ajili ya nani? Hofu hiyo haiondolewi kwa hotuba. Huondolewa kwa karatasi yenye jina lake.

Kwa hiyo, ikiwa kweli kaunti na serikali kuu zinataka kulifufua eneo la soko la mifugo la Garissa kwa njia ya ubia, napendekeza mambo matano.

Kwanza, ardhi isiuzwe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema kwamba ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa iko mikononi mwa kaunti kwa amana, na kaunti haina ruhusa ya kuiuza. Mwekezaji apewe kibali cha kuitumia kwa muda unaohesabika, na muda huo ukiisha majengo na mitambo virudi kwa umma. Ekari zipimwe na zitangazwe kabla ya zabuni, ili kichinjio cha ekari kumi kisije kikaamka kikiwa na ekari mia tano.

Pili, wafugaji na wafanyabiashara wawe na hisa, si wajumbe wa kupiga makofi. Vyama vyao vya ushirika, vikiwamo vya akina mama wanaouza maziwa ya ngamia na nyama, vipewe sehemu ya umiliki na viti katika bodi. Mtu mwenye hisa hulinda ua. Mradi wa Bura ungekuwa wa wakulima wake, huenda mitambo ya Nanigi isingenyamaza bila mtu kupaza sauti.

Tatu, umma utimize wajibu wake kwanza. Chanjo, maabara, maji, umeme na mtaro wa maji taka viandikwe katika mkataba pamoja na tarehe, na adhabu ya kuchelewa iwekwe wazi. Barabara ya Garissa hadi Nairobi ilikatwa na mafuriko kule Madogo mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, watu wakavushwa kwa mashua na baadhi wakapoteza maisha. Nyama katika lori la barafu haitasubiri maji yapungue. Kifungu cha 204 cha Katiba ya 2010 kilianzisha Hazina ya Usawazishaji hasa kwa barabara, maji, afya na umeme katika sehemu zilizotengwa, Garissa ikiwa mojawapo, kwa muda wa miaka ishirini. Fedha hizo zimecheleweshwa mno na mabishano na urasimu, na miaka hiyo ishirini haikusimama kusubiri.

Nne, mkataba uwe wazi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi mkataba ubandikwe ukutani pale sokoni, kwa Kiswahili na kwa Kisomali, na usomwe redioni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tano, na hili ndilo lililo karibu zaidi na moyo wangu, pawe na kipengele cha ukame. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana kwa misimu mitano mfululizo. Septemba 2021 ukame ulitangazwa kuwa janga la kitaifa, na kabla haujaisha zaidi ya mifugo milioni mbili ilikuwa imekufa nchini. Niliiona mizoga kando ya barabara. Ng'ombe ambaye miezi mitatu kabla yake angelipa karo ya mtoto kwa mwaka mzima hakuweza hata kuuza ngozi yake. KMC iliagizwa kununua mifugo iliyodhoofika, lakini kichinjio kilicho mamia ya kilomita mbali hakimwokoi ng'ombe asiyeweza kusimama. Mkataba wowote wa kichinjio cha Garissa umlazimishe mwekezaji kutenga nafasi ya kununua mifugo ya wenyeji dalili za ukame zinapotangazwa, kabla haijakonda, kwa bei iliyokubaliwa mapema, na serikali imfidie kwa sehemu ya hasara. Hapo ndipo tofauti ya ubia na biashara ya kawaida itakapoonekana.

Kuna wanaosema hakuna mwekezaji atakayekuja Garissa kwa sababu ya usalama. Nawakumbusha kwamba mwaka wa 2019 kituo cha umeme wa jua chenye zaidi ya megawati 50 kilizinduliwa nje ya mji huu huu. Kilijengwa na shirika la serikali kwa mkopo wa China, nacho kikaunganishwa na gridi ya taifa. Jua letu liliaminiwa. Mbona ng'ombe wetu wasiaminiwe?

Wengine watasema tujenge tu majengo kwanza, mengine yatafuata. Isiolo walifanya hivyo. Kichinjio cha kisasa kilianza kujengwa huko katika mwongo wa kwanza wa karne hii, na zaidi ya miaka kumi ikapita kabla hajachinjwa hata mbuzi mmoja. Kuta hazichinji.

Nasi wenyeji pia tuna lawama yetu, na sitaificha kwa kuwa mimi ni mmoja wenu. Tumezoea kuligawa kila jambo kwa koo, hata zabuni ya kujenga choo. Tumekwepa ushuru wa soko kisha tukalalamika kwamba soko halina maji. Tumewachagua viongozi kwa nasaba, halafu tukashangaa walipowakumbuka jamaa zao. Ushirika wa wafugaji ukigawanyika kabla ya kikao cha kwanza, mwekezaji ataandika mkataba apendavyo, nasi tutabaki tukihesabu ni ukoo gani uliopata walinzi wa lango. Wazee walioaminika kudhamini ng'ombe wa mamia ya maelfu ya shilingi kwa neno la mdomo hawashindwi kusimamia hisa. Wanachohitaji ni kutuachia sisi wenye kelele nafasi ndogo zaidi.

Kwa wanaoandika mikataba hiyo huko Nairobi na katika makao makuu ya kaunti, nina ombi moja. Kabla hamjatia saini, njooni Garissa siku ya Jumatano. Msije na mahema wala vipaza sauti. Keteni kivulini pamoja na wazee mpaka adhuhuri, muyaone malori yakivuka daraja. Kisha mlijibu swali la mzee wangu: baada ya yote kupakiwa, kinabaki nini? Siku ambayo jibu litakuwa ngozi iliyotengenezwa hapa, mshahara uliolipwa hapa na hisa iliyoandikwa kwa jina la mwenye ng'ombe, siku hiyo nitauita ubia. Kabla ya hapo ni safari ile ile ya malori, iliyobadilishwa jina.